Blogu tano chini ya domeni moja: shajara ya mradi, Chake Chake

Kabla ya seva kuguswa

Wateja ni watano na wote wako Pemba. Kuna kikundi cha kina mama wanaolima mwani na kutengeneza sabuni. Kuna mkulima wa karafuu upande wa Wete anayetaka kuandika mambo ya miche, kuanika na madaraja. Kuna nyumba ndogo ya wageni njia ya Konde, karibu na msitu wa Ngezi, na vijana wenye mashua wanaopeleka watu Misali. Wa tano ni Maalim, mwalimu wa skuli aliyestaafu, ambaye ana madaftari ya habari za miji ya zamani ya kisiwa hiki na anataka yasomwe kabla hayajaliwa na mchwa.

Hakuna kati yao anayeweza peke yake kulipia domeni, seva na mtu wa kuiangalia seva. Kwa pamoja wanaweza, na ndivyo mradi ulivyozaliwa: tovuti moja, domeni moja ya .co.tz, kila mteja na blogu yake kwenye sabdomeni yake, yaani jina lake likitangulia mbele ya domeni. Jina halisi la domeni silitaji humu maana kazi bado inaendelea. Popote nitakapoandika mfano.co.tz, msomaji aelewe ndiyo hiyo.

Njia nyingine ilikuwa folda, yaani mfano.co.tz/karafuu, mfano.co.tz/mwani na kadhalika. Folda ni rahisi: huhitaji rekodi mpya za DNS, ule mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba za seva, wala cheti cha nyota, yaani cheti kimoja cha usalama kwa sabdomeni zote. Nimeiacha kwa sababu ya anwani. karafuu.mfano.co.tz ni jina linalojisimamia. Kesho naweza kulielekeza kwenye seva nyingine na wenzake wasijue kama kuna kilichotokea. Folda inabaki ilipo tovuti mama. Isitoshe, tovuti yetu kuu ina zaidi ya mwezi tangu isakinishwe, na WordPress, programu tunayoendeshea blogu, ikikuta tovuti ya umri huo hukutaka utumie sabdomeni, kwa kuwa blogu za folda zinaweza kugongana na anwani za kurasa zilizokwisha kuandikwa.

Kwenye ukurasa wa mwanzo wa mradi nimeandika sharti moja na wateja wote nimewasomea: tutachangia seva, programu na gharama, lakini maandishi na picha ni mali ya mwenyewe, na siku yoyote akitaka kuondoka aondoke navyo. Kila uamuzi wa humu ndani nimeupima kwa sharti hilo.

Jumanne. Nyota kwenye DNS

Kazi ya mwanzo ni seva kuitika kila jina litakaloulizwa mbele ya domeni yetu. Ama uandike rekodi kwa kila mteja, ama uweke rekodi moja ya nyota, *.mfano.co.tz, ielekee namba ya IP ya seva, na majina yote yapate jibu hilohilo. Nimechukua nyota. Wateja wataongezeka, na sioni haja ya kila anayekuja asubiri DNS isambae.

Kampuni iliyotuuzia domeni ina ukurasa wa DNS usioikubali nyota. Ukiiandika unaambiwa jina si sahihi. Nimewaandikia, wakajibu kwamba huduma hiyo haimo kwenye kifurushi chetu. Basi domeni imebaki kwao, ila nemaseva, yaani seva zinazojibu maswali ya DNS, nimezihamishia kwa mtoa huduma mwingine. Hili wengi hawalijui: anayekuuzia domeni si lazima awe ndiye anayejibu maswali ya DNS yake. Unambadilisha anayejibu, na umiliki wako haupungui hata chembe.

Ilipofika jioni nikauliza kwa amri ya dig jina ambalo halipo popote, herufi nilizozibonyeza ovyo mbele ya mfano.co.tz. Likarudisha IP ya seva yetu. Nyota inafanya kazi.

Ila nyota ina mambo yake mawili. Kwanza, haiigusi domeni yenyewe. mfano.co.tz tupu lazima iwe na rekodi yake ya A, ile inayotaja namba ya IP. Pili, kwa kuwa kila jina linaitika, mtu akikosea herufi akaandika karafu badala ya karafuu atafika kwetu vilevile, na WordPress ikikuta jina lisilo na blogu humpeleka mgeni huyo kwenye ukurasa wa kujisajili. Msomaji aliyekuja kutafuta miche ya mikarafuu hana shida na kusajili blogu. Kuna mstari wa kuweka kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, unaoitwa NOBLOGREDIRECT. Nimeuelekeza ukurasa wa mbele wa tovuti kuu, ambako majina ya blogu zote yameorodheshwa. Mstari huu tutaukuta tena mwishoni.

Alkhamisi. Cheti

Let's Encrypt wanatoa vyeti vya usalama bila malipo, na tangu Machi 2018 wanatoa na vya nyota. Sharti lao kwa cheti cha nyota ni kwamba uthibitishe umiliki kupitia DNS: wanakupa maneno, unayaweka kwenye rekodi ya TXT, yaani ya maandishi, yenye jina _acme-challenge, wanayasoma, wanakupa cheti. Kuweka faili kwenye seva hakukubaliki hapa, kwa sababu faili linathibitisha jina moja, na wewe unaomba majina yasiyo na hesabu.

Cheti tulichopewa kinaishi siku 90. Kwa hiyo uthibitisho lazima ujiendeshe wenyewe, na kwa hilo seva inahitaji ufunguo wa kuingia kwa mtoa huduma wa DNS. Nimetengeneza ufunguo wenye ruhusa ya kubadilisha rekodi za domeni hii tu. Ukiweka kwenye seva ufunguo wenye ruhusa ya akaunti nzima, anayeivamia seva anaondoka na domeni zako zote.

Nimeomba majina mawili kwenye cheti kimoja, mfano.co.tz na *.mfano.co.tz, maana kwenye cheti nako nyota haimfuniki mama. Na nyota ya cheti inafunika ngazi moja pekee. Mkulima wa karafuu aliniuliza kama anaweza kupata miche.karafuu.mfano.co.tz. DNS ingelijibu jina hilo, lakini kivinjari kingelikataa.

"Ami," nikamwambia, "tuliweke liwe karafuu.mfano.co.tz/miche. Msomaji atafika bila kukutana na onyo."

"Sawa mwanangu. Watu wa huku wakiona lile onyo wanadhani simu imeingia virusi, wanatoka mbio."

Kuna wanaoshauri kila mteja awe na cheti chake. Ni njia nzuri ikiwa kila blogu ina seva yake. Kwetu zote zinakaa seva moja, na ufunguo ukiibwa umeibwa, uwe mmoja au watano. Halafu vyeti vyote vinavyotolewa huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma. Kwa cheti cha nyota majina ya wateja hayamo.

Jumamosi. Kuuwasha mtandao wa blogu

WordPress imeweza kuendesha tovuti nyingi ndani ya usakinishaji mmoja tangu toleo la 3.0 la Juni 2010. Kabla ya hapo ilikuwa programu ya pembeni, WordPress MU. Kuiwasha si kazi kubwa: unachukua nakala ya hifadhidata na mafaili, unazima plagini zote, yaani programu za nyongeza, unaongeza WP_ALLOW_MULTISITE kwenye wp-config.php juu ya ule mstari unaokwambia usihariri zaidi, kisha kwenye menyu ya zana unatokea ukurasa wa kuanzisha mtandao. Unanakili vipande viwili unavyopewa, kimoja kwenye wp-config.php na kingine kwenye .htaccess, unatoka, unaingia upya. Nimemaliza kabla ya adhuhuri.

Nilipenda nitulie kidogo kuangalia kilichotokea ndani ya hifadhidata, na nawashauri wote wanaofanya kazi hii waangalie kwa macho yao. Blogu ya mwanzo niliyoifungua ilikuwa ya majaribio, ikapewa namba 2. Karafuu ikapata 3, mwani 4. Kwenye orodha ya majedwali sasa kuna wp_3_posts, wp_3_comments, wp_3_options, halafu wp_4_posts na ndugu zake. Picha nazo zimegawanyika: wp-content/uploads/sites/3, sites/4. Maandishi ya ami hayachanganyiki na ya kina mama hata kidogo. Lakini jedwali la watumiaji, wp_users, ni moja kwa wote, na plagini ni zilezile kwa wote. Hapo ndipo palipo na uani wa pamoja wa nyumba hii, na baadhi ya matatizo niliyokutana nayo baadaye yameanzia hapo.

Kuhusu majina. DNS inaruhusu hadi herufi 63 kati ya nukta na nukta, lakini jina zuri ni lile unaloweza kumtajia mtu kwa simu akiwa ndani ya gari ya Mkoani na akaliandika sawa. Kina mama wamechukua mwani. Maalim amechukua tarehe. Nyumba ya wageni ni wageni. Vijana wa mashua walitaka misali, nikawaomba wafikiri tena. Misali ni hifadhi, ni ya watu wote, na wapo wengine wenye mashua wanaokwenda kulekule. Siku mmoja wao akija kutaka blogu nitamwambia nini? Wamechukua jina la chombo chao, nalo linapendeza zaidi.

Maji mafu. Mafunzo ya kina mama

Mafunzo ya mwani nimeyapanga kwa kufuata maji. Siku za bamvua, maji yakitoka sana, wote wako pwani na kamba na vigingi, na ukimwita mtu akae abofye simu unampotezea riziki. Tumekutana kwenye maji mafu, chini ya mwembe ulio nyuma ya banda la sabuni, kila mmoja na simu yake.

Picha ya kwanza ikakataa. Kamba ya mwani mpya, imepigwa asubuhi, maji yanameta, simu inasema faili ni kubwa mno. Mtandao wa blogu wa WordPress unakuja na kikomo cha kilobaiti 1500 kwa faili, na picha ya simu ya siku hizi inakipita kirahisi. Nimekipandisha. Upande wa pili nimewasha kikomo cha nafasi kwa kila blogu, ambacho huja kikiwa kimezimwa, kwa sababu diski ni moja na nyumba ya wageni ina mtu anayepiga picha za popo wa Pemba kwa kamera kubwa. Mteja mmoja akiijaza diski, wote watano wanashindwa kuandika. Picha zenyewe WordPress hupunguza upande wake mrefu hadi pikseli 2560 tangu toleo la 5.3, lakini hiyo ni kwa msomaji; faili la asili linabaki kwenye diski likila nafasi.

Bi mkubwa wa kikundi alikuwa kimya muda mrefu akitazama, kisha akauliza swali lililokuwa la maana kuliko yote ya siku ile: "Mwanangu, hii picha sasa inakaa kwenye simu yangu au huko?"

"Huko pia, bibi. Simu ikitumbukia majini leo, picha ipo."

"Na wewe ukiondoka?"

Nimeliandika swali lake hapa kama alivyolisema, na jibu lake liko chini kwenye kazi ya Maalim.

Walitaka wote watumie akaunti moja na nywila moja, kama wanavyochangia simu ya kikundi. Nimekataa kwa upole na nikawaeleza. Kila mmoja awe na akaunti yake: katibu ni mhariri, wengine ni waandishi. Mtu akitoka kwenye kikundi anaondolewa yeye, na wengine hawabadilishi chochote. Kwa kuwa jedwali la watumiaji ni moja, barua pepe moja haiwezi kusajiliwa mara mbili kwenye mtandao mzima; binti wa katibu, ambaye pia anaisaidia nyumba ya wageni, ana akaunti moja yenye ruhusa kwenye blogu mbili. Hilo wamelipenda.

Jambo dogo linalosumbua kila mahali: kupanga saa ya kuchapisha. Saa 2 asubuhi ni 08:00 kwenye kompyuta. Nimebandika karatasi ukutani yenye saa zetu upande mmoja na zao upande wa pili, na eneo la saa la blogu zote nimeweka Dar es Salaam.

Barua pepe, na nyota inayonyamaza

Nyumba ya wageni wanataka anwani ya barua inayoishia kwa wageni.mfano.co.tz. Ni ombi la haki. Nikaijaribu kwanza kwenye ile blogu ya majaribio: nikaongeza rekodi ya MX kwa jaribio.mfano.co.tz ili barua zielekee kwa mtoa huduma wa barua. Barua zikafika. Blogu ya majaribio ikapotea.

Haikuwa imeharibika. Jina lake lilikuwa halina tena anwani ya IP. Kanuni ya nyota kwenye DNS, iliyofafanuliwa vizuri katika RFC 4592 ya 2006, waraka wa kanuni za intaneti, ni kwamba nyota hujibu kwa niaba ya majina yasiyokuwepo. Jina likishapata rekodi yoyote ya kwake, hata kama ni ya barua tu, jina hilo limekuwepo, na nyota hailisemei tena. Ukiuliza A ya jaribio, seva ya DNS inasema: jina hili nalijua, lakini A halina. Hali ni hiyohiyo ukiweka rekodi ya TXT ya kuthibitisha kitu fulani, na hata ukiweka rekodi chini yake, kwa mfano kitu.jaribio.mfano.co.tz. Mzazi anahesabiwa yupo, na nyota inanyamaza.

Dawa ni rahisi: jina likipata rekodi yoyote, lipewe na A yake palepale. Nimefanya hivyo kwa wageni kabla ya kugusa MX, na wasomaji hawakuona tofauti. Nimeieleza kwa urefu kwa sababu najua ingemkuta mtu usiku, mteja anapiga simu blogu imepotea, seva inaonekana nzima, cheti kizima, WordPress nzima, na hakuna pa kushika.

Barua zenyewe hazipiti kwenye seva yetu kabisa. Mteja mmoja akituma matangazo mengi yakahesabiwa taka, IP ya seva ingechafuka kwa wote.

Ramani iliyofutika

Mwenye nyumba ya wageni alinakili kipande cha msimbo wa ramani akakibandika kwenye ukurasa wake, akahifadhi, ramani haipo. Akajaribu tena, haipo. Akanipigia: "Kaka, mbona inanifutia?"

Kwenye WordPress ya kawaida msimamizi anaruhusiwa kuingiza msimbo wowote. Kwenye mtandao wa blogu ruhusa hiyo anabaki nayo msimamizi mkuu peke yake. Wasimamizi wa blogu moja moja maandishi yao huchujwa, na fremu na skripti huondolewa. Wengine huitafutia plagini ya kuifungua. Mimi nimeiacha ilivyo. Kwa usanidi wa kawaida, vidakuzi vya kuingilia, zile alama kwenye kivinjari zinazomtambulisha aliyeingia, huwekwa kwa domeni nzima, yaani mtu aliyeingia kwenye blogu moja kivinjari chake kinavipeleka na kwa zile nyingine. Skripti mbaya kwenye blogu ya mashua ingeweza kumvizia katibu wa mwani akipita kusoma. Watu hawa wamekubali kukaa pamoja kwa sababu wameniamini, na mmoja wao hawezi kupewa ufunguo unaofungua milango ya wengine, hata kama ni mtu mwema na anachotaka ni ramani.

Ramani nimemwekea mwenyewe. Video za YouTube hazina shida hiyo. Ukibandika kiungo kwenye mstari wake peke yake, WordPress inaitambua.

Seva ikae wapi

Mjadala huu umechukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na ulistahili. Seva za Ulaya ni rahisi kwa bei na zina nafasi kubwa. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku zile tovuti nyingi zilizowekwa ng'ambo zilikuwa nzima huko ziliko, ila sisi hatukuzifikia.

Nikawauliza wateja mmoja mmoja: nani anakusoma? Ami anasomwa na wakulima wa Wete, Micheweni na Mkoani. Kina mama wanasomwa hapa, Unguja na Dar. Maalim anasomwa na wanafunzi, na pia Wapemba walioko Oman na Uingereza. Nyumba ya wageni na mashua wanasomwa na watu wa mbali. Wengi wako nyumbani, kwa hiyo seva imekaa Dar es Salaam. Nakala ya kila usiku inakwenda ng'ambo. DNS nayo imebidi iangaliwe, kwani seva ikiwa Dar na nemaseva zote zikiwa ng'ambo, waya ukikatika jina halijibiwi na umeme wa seva haukusaidii kitu. Nimeongeza nemaseva ya pili iliyo ndani ya nchi.

Kukatika umeme Chake Chake hakuzigusi blogu. Kunanigusa mimi, na ndiyo maana kila kazi ya hatari naifanya ndani ya kikao cha tmux kwenye seva: laini ikikatika huku, kazi kule inaendelea.

Habari na leseni

Vijana wa mashua waliuliza kama wanaweza kuandika na habari za siasa, kwa sababu ndizo zinazosomwa. Nimewaambia hapana kwa sasa. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitoka 2018 zikaandikwa upya 2020, na anayetaka kuendesha blogu ya habari na matukio aanze kwa kwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuulizia leseni. Domeni ni moja, imesajiliwa kwa jina moja. Malalamiko juu ya blogu moja yanaweza kuzishusha zote. Wamenielewa. Wataandika kuhusu kusi, kaskazi, pomboo na bei ya safari.

Google kwa kila mwenye blogu

Kwenye Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyotafutwa, nimethibitisha domeni nzima kwa rekodi ya TXT, na akaunti hiyo inaona sabdomeni zote. Mteja hapewi hiyo. Kila mmoja nimemfungulia ya anwani yake pekee, anaona maneno yaliyoleta wasomaji wake na haoni ya jirani. Ami amegundua watu wanatafuta namna ya kukinga karafuu na mvua zikiwa juu ya majamvi. Ameshaandika makala mbili, na ya pili ni nzuri kweli, ina picha ya karafuu za daraja la kwanza na zilizonyeshewa zikiwa kwenye kiganja kimoja.

Maalim anahama

Mjukuu wa Maalim amemnunulia domeni yake mwenyewe. Maalim alikuja nyumbani baada ya Alasiri, akakaa, akanywa kahawa, akaanza mbali sana kabla ya kulitamka. Alikuwa na hofu kwamba nitaona ananiacha.

"Maalim, hii ndiyo siku niliyoijengea," nikamwambia. Na ni kweli. Sharti lile la ukurasa wa mwanzo lilikuwa bado halijapata jaribio.

Kuna ngazi mbili za kuhama. Ya kwanza ni kubaki kwenye seva yetu kwa jina jipya. Tangu WordPress 4.5 ya 2016 hilo halihitaji plagini. Unakwenda kwenye orodha ya blogu za mtandao, unabadilisha anwani, basi. Ya pili ni kuondoka kabisa. Maalim amechagua ya kwanza kwa sasa, lakini nimemkabidhi na vifaa vya ya pili.

Nimeanza na cheti cha jina lake jipya. Hiki si cha nyota, kwa hiyo faili kwenye seva limetosha kuthibitisha. Kisha nikabadilisha anwani. Kuingia kukakataa: ukurasa ukasema vidakuzi vimezuiwa. Sababu ni ileile ya ramani. Vidakuzi vilikuwa vinawekwa kwa mfano.co.tz, na kivinjari kilicho kwenye domeni nyingine hakivikubali. Nimeweka COOKIE_DOMAIN, mpangilio unaosema vidakuzi ni vya domeni ipi, ifuate jina linaloombwa, na faida yake imeenea kwa wote, maana sasa kivinjari hakipeleki vidakuzi vya blogu moja kwenye nyingine. Katibu wa mwani analazimika kuingia mara mbili akiwa na kazi mbili, naye amesema hajali.

Halafu viungo. Makala za Maalim zimejaa picha za magofu ya Ras Mkumbuu na Pujini, na kila picha imeandikwa kwa anwani kamili ya zamani. Nimetumia search-replace, amri ya kutafuta na kubadilisha maneno ya WP-CLI, programu ya kuiendesha WordPress kwa amri, kwanza kwa kuijaribu bila kuandika chochote ili nione itagusa nini, kisha kwa kweli. Usifanye kazi hii kwa kuhariri hifadhidata kwa mkono. Mipangilio mingi imehifadhiwa pamoja na urefu wa kila neno, ukibadilisha neno bila urefu wake inavunjika.

Na sasa ule mstari wa NOBLOGREDIRECT. Blogu ilipobadilisha anwani, tarehe.mfano.co.tz likawa jina lisilo na mwenyewe, na kila aliyebofya kiungo cha zamani, kutoka WhatsApp au kitabu cha mwanafunzi, angetupwa kwenye ukurasa wetu wa mbele. Nimeweka kanuni kwenye seva, kabla WordPress haijaulizwa, inayompeleka msomaji kwa 301, yaani uhamisho wa kudumu, hadi kwenye ukurasa uleule wa domeni mpya. Makala ya Pujini inafungua makala ya Pujini. Jina tarehe nimelifunga, hatapewa mteja mwingine.

Alichokabidhiwa mkononi ni diski ndogo yenye faili la XML la makala, kurasa na maoni, na folda nzima ya picha zake. Watu hudhani XML ina kila kitu. Haina picha, ina anwani zake tu. Bila folda, siku seva hii ikizimwa angebaki na maandishi yenye mashimo. Nimeirejesha diski hiyo kwenye kompyuta ya mjukuu wake mbele yake, bila intaneti, na tumefungua makala moja baada ya nyingine hadi akasema inatosha.

Kwenye mkataba nimeongeza vifungu viwili kwa wateja wote. Kila robo mwaka kila mmoja anapewa diski kama ile ya Maalim, aombe asiombe. Na mtu akihama, anwani yake ya zamani itaendelea kupeleka wasomaji kwake kwa muda wote ambao domeni hii inalipiwa.

Diski ya kina mama iko tayari. Naipeleka maji mafu yajayo, na Bi mkubwa ndiye atakayeifungua.